Lugha ya Bondeni na Lugha ya Mlimani: Habari za Toro na Ruwenzori

Waalimu wengi hudhani ya kuwa ugomvi wa lugha katika Afrika ni ugomvi baina ya lugha zetu na lugha za Ulaya. Jambo hilo likitajwa, mara twaanza kusema habari za Kiingereza na Kifaransa. Lakini mahali pengi ugomvi mchungu zaidi si huo, bali ni ule wa jirani na jirani, lugha ya walio wengi na lugha ya walio wachache, zote mbili za kienyeji, na mwalimu amesimama katikati na kitabu kimoja mkononi. Twapenda kueleza habari moja ya namna hiyo, iliyotokea katika nchi ya Toro, upande wa magharibi wa Uganda. Tumeichagua kwa kuwa misheni na shule zilikuwa na sehemu kubwa ndani yake, na kwa kuwa mtu aliyeuongoza ugomvi wenyewe hakuwa askari wala mwana wa mfalme, alikuwa mwalimu.

Kwanza nchi yenyewe. Mlima Ruwenzori, wenye kimo cha mita 5,109, umesimama mpakani mwa Uganda na Kongo. Chini yake, upande wa mashariki, ni nchi ya Watoro, wakulima na wafugaji, watu wa ufalme. Katika miteremko ya mlima wakaa Wakonzo, na ndugu zao ni Wanande walioko ng'ambo ya mpaka katika Kongo. Upande wa magharibi, penye bonde la mto Semliki, ni Bwamba, nchi ya Waamba na Wabwisi. Lugha zote hizi ni za Kibantu, na kwa sababu hiyo mtu wa mbali aweza kudhani ya kuwa ni kama lahaja za lugha moja. Sivyo. Kitoro na Kinyoro ni karibu lugha moja, lakini Mkonzo asiyefundishwa Kitoro hakisikii. Kiamba ndicho kilicho mbali zaidi, maana chafanana na lugha za msitu wa Kongo.

Wasomaji wetu wapendao elimu ya lugha watapenda kujua tofauti moja au mbili. Kitoro ni kama Kiswahili katika jambo hili, ya kuwa hakitofautishi maana ya neno kwa kupandisha au kushusha sauti. Kikonzo chatofautisha. Tena irabu zake ni zaidi ya zile tano tulizozizoea. Basi mwalimu wa Kitoro akisikiliza Kikonzo, sikio lake halishiki yale ambayo Mkonzo ayaona kuwa ndiyo maana yenyewe ya neno. Na mwalimu Mswahili asicheke, kwa kuwa na sikio lake ni vivyo hivyo. Hata jina la watu hawa lilipotea njiani. Wenyewe hujiita Bakonzo, lakini kwa miaka mingi vitabu vya serikali viliandika Bakonjo, kwa kuwa ndivyo Watoro walivyotamka, na waandishi walikuwa wameketi kwa Watoro. Mtu aliyeandikwa kwa matamshi ya jirani yake amekwisha kuonyeshwa mahali pake kabla hajafungua kinywa.

Sasa inafaa turudi nyuma kidogo, maana Watoro nao walikuwa na kisa chao, na bila kukijua hiki cha pili hakieleweki.

Dini na kusoma vilifika Toro kutoka Buganda. Kasagama, aliyewekwa na Kapteni Lugard katika kiti cha Omukama wa Toro mwaka wa 1891, alibatizwa mwaka wa 1896. Mwaka huo huo Biblia nzima ya Kiganda ilimalizika, kazi ya Pilkington na wenzake wa Kiganda. (Chapa moja ya Biblia hiyo ilifanywa nyembamba kwa upana na nene kwa kimo, ipate kuingia katika kopo la biskuti na kuokoka na mchwa. Wazee wa Buganda waliikumbuka kwa umbo lake.) Waliohubiri Toro walikuwa Waganda, na mmoja wao, Apolo Kivebulaya, alivuka mpaka akafika Mboga katika Kongo, na sifa yake haijafutika hata leo. Watu hawa walileta vitabu walivyokuwa navyo, navyo vilikuwa vya Kiganda. Askofu Tucker na wengi wa wamishenari walitumaini ya kuwa Kiganda kitaenea katika Uganda yote, na Kanisa litakuwa moja kwa lugha moja. Lilikuwa tumaini la busara, ukilitazama kwa hesabu ya fedha. Fasiri moja, matbaa moja, chuo kimoja cha waalimu.

Lakini Watoro hawakukubali. Katika misheni alikuwako H. E. Maddox, ambaye alijifunza lugha ya nchi, akatoa sarufi ya Kinyoro mwaka wa 1902, akafasiri Maandiko. Omukama na wakuu wake walimwunga mkono. Neno lao lilikuwa hili, ya kuwa watu wao wasiposikia Neno kwa lugha ya nyumbani watalisikia kama amri ya Buganda. Katika Bunyoro, nchi jirani yenye lugha hiyo hiyo, jambo hili lilitoka katika Kanisa likaingia katika utawala. Mwaka wa 1907 wakuu wa Kinyoro walikataa kutawaliwa na maakida wa Kiganda waliowekwa na Waingereza; mambo hayo huitwa Nyangire, yaani nimekataa. Serikali iliwakamata wakuu wengi, na baadhi yao wakahamishwa. Hata hivyo lugha ilishinda. Mwaka wa 1912 Biblia nzima ilipatikana katika Kinyoro, na toka hapo Kinyoro na Kitoro vikawa lugha ya kanisa, ya shule na ya baraza katika nchi hizo mbili.

Mahali pamoja tu hapakupata faraja hiyo, nazo ni zile wilaya za Bunyoro zilizotiwa katika Buganda katika miaka ya 1890. Huko Wanyoro waliendelea kuhukumiwa, kusomeshwa na kusalishwa kwa Kiganda, na wengine walijipa majina ya Kiganda. Walilalamika miaka mingi sana. Mwishowe kura ilipigwa mwezi wa Novemba 1964 katika wilaya mbili, Buyaga na Bugangaizi. Watu wengi walichagua Bunyoro, na wilaya zikarudishwa mwaka wa 1965. Mgogoro wa kura hiyo ulisaidia kumtenga Kabaka, aliyekuwa Rais wa Uganda, na waziri mkuu Obote. Lakini hiyo ni habari nyingine.

Sasa msomaji na atazame vizuri. Watoro waliokataa Kiganda walikuwa na haki, nasi twawasifu. Lakini lugha yao ilipokwisha kupata Biblia, sarufi, vitabu vya shule na kiti barazani, ilishuka bonde na kupanda mlima kama vile Kiganda kilivyokuja kwao. Kwa mkataba wa 1900 nchi za Wakonzo na Waamba zilihesabiwa kuwa ndani ya ufalme wa Toro. Wakonzo hawakuupenda utawala huo. Walishika silaha, na mwaka wa 1921 viongozi wao watatu, Nyamutswa, Tibamwenda na Kapoli, walinyongwa. Baada ya hapo mlima ulinyamaza miaka mingi, na katika miaka hiyo ya kimya shule zilijengwa.

Twataka kukaa kidogo hapa penye shule, maana wanaoandika habari za siasa hupita upesi wakakimbilia bunduki.

Mtoto wa Kikonzo alipoingia shule alikuta kitabu cha kwanza ni cha Kitoro. Kusoma alijifunza, maana herufi si ngumu, na mtoto mwenye masikio mazuri huweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti ya kupendeza bila kujua umesema nini. Wakaguzi wengi wamedanganywa na sauti hiyo. Kufikia mwaka wa tatu au wa nne alikuwa amekijua Kitoro cha kutosha, na hapo ndipo Kiingereza kilipoanza kushika mahali pake. Kwa hiyo mwenzake wa Kitoro alijifunza lugha moja ya kigeni, naye alijifunza mbili, katika miaka ile ile, na mwisho wake wote wawili walifanya mtihani mmoja. Nafasi za shule za juu zilikuwa chache. Aliyekosa nafasi alirudi shambani. Aliyepata alikuwa karani, mwalimu, mwandishi wa baraza, na baadaye mkuu wa wilaya ndogo. Basi kitabu cha kwanza cha kusoma kilikuwa kimechagua mkuu wa wilaya miaka ishirini kabla ya wakati wake. Hapakuwa na haja ya mtu yeyote kuwa mbaya. Mwalimu aliweza kuwa mwema, mwenye upendo kwa watoto wote sawasawa, na jambo hilo likatendeka vile vile.

Barazani mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mzee wa mlimani mwenye shauri la shamba alisema kwa kinywa cha mkalimani, na mkalimani hakuwa lazima rafiki yake.

Tena kuna jambo la majina, nalo ni la desturi zaidi kuliko sarufi. Watoro na Wanyoro wana jina la heshima liitwalo empaako. Yako 12, kama Abwoli, Akiiki, Amooti, Adyeri, na killa mtu hupewa moja. Kuamkiana bila empaako ni ukavu, karibu ni matusi. Wakutanapo wageni huulizana kwanza empaako yako nani, ndipo wasalimiane. Ni desturi nzuri sana, na mwaka wa 2013 shirika la UNESCO liliitia katika orodha ya mila zinazotakiwa kulindwa upesi zisipotee. Lakini Wakonzo hawana empaako. Majina yao huenda kwa mpango wa kuzaliwa. Mwana wa kwanza wa kiume ni Mumbere, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, na binti wa kwanza ni Masika. Kwao jina lasema nafasi ya mtu katika tumbo la mamaye. Mtoto huyu akiulizwa shuleni empaako yake hana la kujibu. Wako waliojipa empaako na majina ya Kitoro wapate kupita kimya kimya, na wengine walificha kabila lao kabisa hata wakamaliza masomo. Twafahamu ya kuwa Mtoro aliyemwuliza mtoto empaako alimtendea adabu iliyo bora aliyoijua.

Katikati ya miaka ya 1950 mwalimu mmoja wa Kikonzo, Isaya Mukirane, pamoja na wenzake, walianzisha chama cha kukusanya habari za maisha ya Wakonzo, yaani mila, koo na historia yao. Mwandishi Mwingereza Tom Stacey, aliyesafiri mlimani na Mukirane, alishiriki katika mwanzo wake. Chama cha namna hiyo ni kama kazi ya ukurasa huu wetu, kuandika methali, kuuliza wazee, kupanga koo. Lakini watu walioambiwa miaka mingi kwamba hawana historia wakiisha kuiandika hawarudi tena kuketi nyuma. Chama kilipanda mlima kama chama cha elimu, kikashuka kama chama cha siasa.

Uhuru ulipokaribia, Wakonzo na Waamba waliomba jambo dogo, ya kuwa katika katiba ya Toro wao watajwe kwa majina yao kuwa wenyeji sawa na Watoro, na wagawiwe vyeo. Baraza la Toro, liitwalo Rukurato, halikukubali. Mwezi wa Machi 1962 wajumbe wa Wakonzo na Waamba, Mukirane, Kawamara na Mupalya wakiwaongoza, walitoka barazani. Sasa hawakuomba tena kutajwa. Waliomba wilaya yao wenyewe. Viongozi walikamatwa. Tume iliyokaa chini ya Daktari Ssembeguya ilikubali kwamba malalamiko mengi ni ya kweli, walakini haikushauri wilaya itengwe. Tarehe 30 Juni 1962, miezi mitatu na siku chache kabla ya uhuru wa Uganda, ufalme wa Rwenzururu ulitangazwa mlimani. Mukirane alikaa huko juu hata kufa kwake mwaka wa 1966, na mwanawe Charles Mumbere, aliyekuwa kijana tu, akashika kiti. Jina lake, kama msomaji aonavyo, lasema ni mwana wa kwanza.

Vita vyenyewe hatutavisimulia. Nyumba zilichomwa pande zote mbili, na watu wa bondeni walikufa kama wa mlimani. Twataja tu ya kuwa watu wa Rwenzururu, pamoja na umaskini wao, walifungua shule zao mlimani. Mwaka wa 1974 serikali ya Amin iliigawa Toro, na nchi ya Wakonzo na nchi ya Waamba zikawa wilaya mbili, ambazo sasa ni Kasese na Bundibugyo. Mwezi wa Agosti 1982 Mumbere alishuka na watu wake wakatoa silaha. Mwaka wa 2009 serikali ya Uganda iliutambua ufalme wake kuwa ufalme wa mila.

Na shule je? Baada ya uhuru serikali ilitambua lugha sita tu za kienyeji kwa kufundishia, nazo ni Kiganda, Kinyoro na Kitoro pamoja, Kinyankole na Kikiga pamoja, Kiluo cha kaskazini, Kiteso na Kikaramoja pamoja, na Kilugbara. Kikonzo hakikuwamo. Wizara haikuwa na kosa la makusudi. Killa lugha yataka kitabu cha kwanza, cha pili na cha tatu, kitabu cha hesabu, cha mwalimu, na mtu wa kusahihisha chapa. Na mwalimu aliyehamishwa kutoka wilaya hii kwenda ile yataka aweze kufanya kazi aendako. Atakaye kulaumu na aketi kwanza na mhazini wa matbaa jioni moja. Lakini hesabu hiyo ndiyo aliyoifanya Askofu Tucker kwa Kiganda, na Watoro waliikataa.

Mpango wa masomo ulioanza mwaka wa 2007 ulibadili jambo hilo. Miaka mitatu ya kwanza mtoto hufundishwa kwa lugha ya mahali pake, na Kasese sasa hufundisha kwa Kikonzo. Wenyewe hukiandika kwa herufi walizozichagua. Huandika Lhukonzo, wakitia h baada ya l, na Thembo kwa th, kwa kuwa ulimi wao wajua tofauti ambayo herufi za Kitoro haziionyeshi. Mgeni huziona herufi hizo kuwa za fahari tu. Sisi twaona ni malipo ya lile jina Bakonjo.

Hapo tungependa kusema kwamba mambo yalikwisha, lakini hayakuisha. Katika wilaya ya Kasese wako Wasongora, wafugaji, na Wanyabindi, watu wachache ambao lugha na desturi zao ni karibu na za Toro, na Wanyabindi wana empaako. Hawa nao sasa walalamika ya kuwa vyeo, ardhi na shule ni vya Wakonzo. Katika Bundibugyo, Waamba na Wabwisi hawakutaka kuwa chini ya ufalme wa Rwenzururu, na mwaka wa 2014 walipata mtawala wao wa mila. Mwaka huo huo damu ilimwagika katika wilaya hizo. Tarehe 26 na 27 Novemba 2016 majeshi ya serikali yaliliingilia jumba la mfalme huko Kasese, na zaidi ya watu 100 waliuawa. Sababu za mambo hayo ni nyingi, wala hatusemi ni lugha peke yake. Lakini yule mtoto aliyekosa jibu alipoulizwa empaako yuko bado darasani. Ila sasa ni mwenye empaako, naye asomeshwa kwa Kikonzo.

Wengine watasema dawa ni Kiswahili, kwa kuwa si cha Mtoro wala cha Mkonzo. Maneno hayo ni ya zamani. Gavana Gowers alitaka Kiswahili katika Uganda mwaka wa 1927, na maaskofu na Kabaka Daudi Chwa walimpinga, wakiona kwamba kitawadhulumu Waganda. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka wa 1973, na sauti yake haikukisaidia, kwa kuwa watu walikisikia zaidi kinywani mwa askari. Mwaka wa 2005 katiba ilikifanya lugha ya pili ya serikali, na mwaka wa 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima mashuleni. Wakonzo hawakiogopi sana, maana ndugu zao wa Kongo hukitumia sokoni siku zote. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili twafurahi, lakini furaha yetu si shahidi mzuri. Katika Tanzania lugha zaidi ya 120 zimekaa kimya mlangoni mwa shule, na kama hazikupiga kelele ni kwa sababu Kiswahili kilikuja pamoja na uhuru na vyeo vikagawanywa bila kuuliza kabila. Kiswahili kinachokuja peke yake, bila hivyo viwili, chaweza kuwa kitabu kingine tu kigeni mezani.

Swali lililo gumu kuliko yote ni la Bwamba. Huko Kibwisi, kilicho jirani na Kitoro, na Kiamba, kilicho ndugu ya lugha za msitu, vyakaa katika vijiji vile vile. Watu wake huoana, na watoto huketi benchi moja. Huwezi kuchora mpaka ukasema upande huu wasome hiki na upande ule kile. Mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya namna hiyo hana budi kuanza kwa kinywa kabla ya kitabu, awasikilize watoto wiki kadha wa kadha, ajue nani asema nini nyumbani, na kuandika katika daftari lake jina la killa mmoja kama mamaye alitamkavyo. Kitabu cha Kiamba kikipatikana, hata kiwe cha kurasa nane zilizopigwa chapa kwa mkono, kiwekwe mezani pamoja na kile cha Kibwisi.